Afya Yako ni Mali ya Nani?



Liko neno ambalo akina baba wengi hulisema wanapoambiwa waende wakapimwe presha, au wapunguze chumvi, au waiache ile chupa ya mwisho ya Jumamosi usiku. Husema: "Niacheni. Mwili ni wangu, na nikifa nitakufa mimi." Akina mama nao wanalo la kwao, ingawa hulisema kwa upole: "Mimi nitaenda hospitali nikishamaliza karo ya watoto." Maneno haya mawili hayasikiki sawa. La kwanza lina ukaidi, la pili lina huruma. Lakini ukiyachunguza utaona yamesimama juu ya wazo moja, kwamba afya ya mtu aliyefunga ndoa ni shauri lake mwenyewe, aiharibu akitaka au aiahirishe akipenda. Mwezi huu tuulizane kama wazo hilo ni la kweli.

Tuanze na huyo baba. Asema nikifa nitakufa mimi. Je, ni hivyo? Presha iliyoachwa bila matibabu haimalizi mambo kwa siku moja kila mara. Wako wengi inaowapiga kiharusi wakabaki hai, mkono na mguu wa upande mmoja umelala, ulimi mzito, na miaka kumi bado iko mbele. Sukari iliyopuuzwa huharibu macho na figo, hula kidole cha mguu, kisha mguu wenyewe. Sasa fikiria nyumba ya vyumba viwili huko Magongo, au Mtongwe, au Mishomoroni. Nani atakayemgeuza mgonjwa kitandani alfajiri kabla ya kwenda sokoni Kongowea? Nani atakayemshika bega kumpandisha na kumshusha kwenye tuktuk? Ni binti yupi atakayeacha masomo ili akae na baba wakati mama yuko kazini? Baba alisema atakufa yeye. Hakuna aliyekufa, bali maisha ya watu watano yamegeuka.

Siku ya ndoa yenu mlisimama mbele ya padre na mashahidi, mkaahidiana uaminifu katika hali njema na katika hali ngumu, mkiwa wazima na mkiwa wagonjwa. Wengi wetu huishika ahadi hiyo upande mmoja tu: mwenzangu ameahidi kunitunza nikiugua. Ni kweli ameahidi, na akiwa mtu wa imani atafanya. Lakini ahadi yake ni kama akiba aliyoiweka kwa ajili yako. Mtu mwema haendi kuichota akiba ya nyumba yote kwa anasa zake kwa sababu tu sahihi yake inakubaliwa. Anayekula na kunywa bila kiasi, anayetupa dawa, anayekataa kupimwa, anachota nguvu za mwenzake za miaka ijayo, tena bila kumwuliza. Hilo ni jambo la haki kabla halijawa jambo la afya.

Mtume Paulo, katika sura ya 7 ya waraka wake wa kwanza kwa Wakorinto, anafundisha kwamba mume si mwenye mamlaka pekee juu ya mwili wake, wala mke juu ya wake. Tumezoea kuisoma sehemu hiyo kwa habari ya kitanda tu, na wako wanaume walioitumia vibaya kudai haki yao usiku. Lakini mwili ulioko kitandani ndio ule ule ulioko mezani, barazani na baani. Ikiwa mke ana neno juu ya mwili wa mumewe saa nne za usiku, analo pia saa saba za mchana sahani inapojazwa. Na mume kadhalika ana neno juu ya mwili wa mkewe, hasa pale mke anapouchosha kupita kiasi.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inaliweka jambo hili chini ya amri ya tano, ile inayokataza kuua. Namba 2288 inafundisha kwamba uhai na afya ni zawadi tulizokabidhiwa na Mungu, nasi hatuna budi kuzitunza kwa busara, tukiyaangalia na mahitaji ya wengine. Namba 2290 inataja fadhila ya kiasi katika chakula, pombe, tumbaku na hata dawa. Katikati ya hizo, namba 2289 inaonya juu ya kosa la upande wa pili, yaani kuuabudu mwili. Siku hizi onyo hilo lina maana yake. Wako watu wanaojua uzito wa misuli yao kuliko wanavyojua majina ya walimu wa watoto wao.

Pengine utasema: wazazi wetu walikula walichopata, hawakupimwa kitu, na bado walifika miaka tisini. Wako waliofika. Wasiofika hatuwahesabu, kwa sababu hatukuwaona. Lakini hoja hiyo ina ukweli ndani yake, nao unatuhusu sisi wa bara ya Mombasa kwa namna ya pekee.

Wengi wetu tunaokaa Changamwe, Likoni na Kisauni tulitoka kwingine, au wazazi wetu walitoka: Ukambani, Taita, Nyanza, Magharibi, wengine Kilifi na Kwale. Bandari ilituvuta, reli ikatuvuta, na kile kiwanda cha kusafisha mafuta ya petroli kilichoanza kazi Changamwe mwaka 1963 (kiliacha kuyasafisha mwaka 2013) kikawaleta wengine. Sasa, mwaka 1990 ulichapishwa nchini Uingereza utafiti uliofanywa hapa Kenya. Watafiti waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini kando ya Ziwa Viktoria wakahamia Nairobi kutafuta kazi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Ndani ya mwezi wa kwanza tu, presha za waliohamia zilikuwa zimekwisha kupanda juu ya zile za waliobaki. Mwezi mmoja! Damu yao ilikuwa ile ile, ukoo wao ule ule. Kilichobadilika ni maisha. Mikojo yao ilionyesha kwamba chumvi imezidi, na madini yanayopatikana katika mboga na matunda yamepungua.

Kwa hiyo babu yako hakuwa na damu ya ajabu. Alitembea kwenda shambani, alikula mboga nyingi na chumvi kidogo kwa kuwa chumvi ilinunuliwa kwa pesa, na jua lilipotua alilala. Itazame sasa siku ya mjukuu wake, mlinzi wa ghala au karani wa klaringi. Asubuhi ni chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, na mahamri manne. Mchana ni chipsi, au wali uliotiwa kiungo cha paketi ambacho nacho kimejaa chumvi, kisha chumvi nyingine inanyunyizwa mezani kabla hajaonja. Jioni anakaa saa nzima ndani ya matatu, msongamano wa Makupa haumwachilii. Akifika nyumbani anakaa tena, mbele ya televisheni. Saa tatu u nusu analetewa sima kubwa na nyama ya kukaanga, na saa nne yuko kitandani na tumbo limejaa. Mchana kutwa miguu yake imefanya kazi labda robo saa.

Tusiwasingizie wenyeji wetu. Vyakula vya Pwani havina hatia. Mbaazi, kunde, mchicha, mnavu, bamia, samaki wa kuchemsha kwa ndimu, embe, papai: hivyo ndivyo vile vile madaktari wanavyovisifu, na huku kwetu vinauzwa kando ya njia. Kinachotuumiza ni mafuta ya kukaangia yanayorudiwa mara tano, sukari ya chai na soda, na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai, tukihesabu pamoja na ile iliyomo katika mkate, katika paketi za kiungo na katika ng'onda.

Na hapa pana jambo la ndoa hasa. Daktari humwambia mume apunguze chumvi, lakini sufuria haiko mikononi mwa mume. Mke anaendelea kupika vile vile kwa kuwa watoto watalalamika. Au mke anapunguza, na mume anaacha sahani mezani, anakwenda kibandani na kuwaambia wenzake kwamba siku hizi nyumbani hakupikwi. Katika nyumba ya kwanza mke amemwacha mume peke yake na ugonjwa. Katika ya pili mume amemwaibisha mtu aliyekuwa akimwokoa. Yafaa muamue pamoja, mbele ya watoto, kwamba sufuria ni moja na chumvi ni kidogo kwa wote. Msimpikie mgonjwa chungu chake cha pembeni kama mwenye adhabu. Ulimi huzoea, majuma machache yakipita, chakula cha zamani chaonekana kichungu kwa chumvi. Watoto nao wanafaidika wasijue.

Juu ya kutembea tuna mfano mzuri kutoka mbali. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, alitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa mbili. Dereva na kondakta walitoka katika mitaa ile ile, mishahara yao haikupishana sana, waliamka saa moja na kurudi saa moja. Lakini dereva aliketi siku nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache zaidi kuliko madereva. Walipima hata viuno vya suruali za sare, na ikaonekana kwamba unene peke yake haukueleza tofauti ile, maana kondakta mnene naye alikuwa na nafuu kuliko dereva mwenziwe. Morris mwenyewe alifanya mazoezi mpaka uzeeni, akafariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 99.

Basi tazama matatu ya kwenda Likoni. Dereva ana kiti, makanga hana. Si mara nyingi tunamwonea makanga wivu! Lakini wengi wetu tumekuwa madereva katika maisha yetu, hata tusio na gari. Kutoka nyumbani hadi steji, mwendo wa dakika kumi, tunaita bodaboda. Mtu mzima ashauriwa atembee kwa haraka au afanye kazi ya kutoa jasho angalau dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Haihitaji jim wala viatu vya bei. Joto letu halifai mchana, lakini saa kumi na mbili asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni, pakiwa bado na mwanga na watu njiani, yawezekana.

Nasi twawashauri mtembee wawili. Sababu si ya moyo na mishipa tu. Katika nyumba zetu ndogo, zenye watoto watano na mgeni kutoka bara, ni wapi mume na mke hupata nusu saa ya kuzungumza bila kusikika? Mambo ya karo, ya mama mkwe, ya mkopo wa chama, yote husemwa kwa minong'ono usiku wakati kila mmoja amechoka na yuko tayari kukasirika. Wale wa Likoni wana njia ya kuteremka Shelly Beach. Wale wa Bamburi na Mtopanga wana ufukwe wa umma uitwao Pirates. Wa Mikindani na Chaani watajua njia zao. Mtu anayetembea hatazami uso wa mwenzake, anatazama mbele. Yako maneno yanayotoka kwa urahisi zaidi hivyo.

Sasa tulifikie jambo lenye uchungu zaidi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini Kenya ana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Presha kwa kawaida haiumi. Mtu asemaye "sijisikii vibaya" hajasema lolote juu ya presha yake. Lakini kuna kundi jingine, la wale waliopimwa, wakaambiwa, wakaficha. Kadi ya kliniki iko kazini ndani ya droo. Vidonge viko chini ya kiti cha lori. Mke hajui.

Kwa nini mtu anamficha mwenzi wake ugonjwa? Wengine huogopa kuonekana dhaifu. Wengine huogopa mahubiri ya kila siku mezani. Na iko sababu ambayo akina baba huitaja kwa padre au kwa rafiki tu: wamesikia kwamba dawa za presha zinamaliza nguvu za kiume. Tuseme wazi, kwa kuwa ukurasa huu ni wa watu wazima. Ni kweli kwamba baadhi ya dawa hizo zaweza kumsumbua mtu kwa upande huo. Lakini presha na sukari zenyewe, zikiachwa, huharibu mishipa na neva, nazo ni miongoni mwa sababu kubwa za kupotea kwa nguvu hizo. Anayetupa vidonge ili aulinde uanaume wake anaupoteza kwa njia nyingine, na figo na ubongo pamoja. Dawa ni za aina nyingi. Mweleze daktari bila haya, atakubadilishia. Na mke awepo, kwa sababu tendo la ndoa ni la wawili, na hofu yenu ni ya wawili.

Je, kuficha hivyo ni dhambi? Tungesema kwamba ni kukosa ukweli katika jambo zito. Ukichukua mkopo kwa siri kwa hati ya shamba la familia, hutasema kwamba hukusema uwongo kwa kuwa hukuulizwa. Ugonjwa unaouficha ni deni ambalo mwenzako atadaiwa siku asiyoitazamia. Kwa habari ya virusi vya ukimwi jambo ni zito mara nyingi zaidi, maana hapo uhai wa mwenzako wenyewe umo hatarini. Leo hii dawa zipo, na wanandoa wanaopimwa pamoja wana njia ya kuishi miaka mingi.

Lakini ukweli unahitaji mahali pa kupokelewa. Ewe mama, siku mumeo atakapokuonyesha ile kadi, yafiche maneno "si nilikuambia". Usiipeleke habari hiyo Jumamosi kwenye jumuiya kama nia ya sala kabla yeye mwenyewe hajakubali. Na wewe baba, mkeo akikuambia ana sukari, usianze na bei ya dawa.

Juu ya kileo na muguka tusiseme mengi, mnayajua. Mwezi wa Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, na siku chache baadaye mahakama kule Embu ikaisimamisha amri hiyo. Watu walibishana sana, wengine kwa ajili ya vijana, wengine kwa ajili ya wakulima. Ndani ya nyumba swali ni jingine. Mume atafunaye mpaka saa saba za usiku hapati usingizi, asubuhi ana hasira, mfuko hauna kitu, na mke amekuwa mjane wa jioni. Hapo huhitaji hakimu kukuambia kitu.

Turudi kwa mama aliyesema atakwenda hospitali baada ya karo. Kosa lake linatoka katika upendo, ndiyo maana ni gumu kulikosoa. Mama huyu hutembea sana, kweli, na ndoo kichwani. Analala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Wali ukiiva, watoto wanapakuliwa, mume anapakuliwa, yeye anakula ukoko. Alipimwa presha alipokuwa mja mzito, na tangu alipojifungua kitinda mimba hakuna aliyemfunga tena ule mpira mkononi. Hajapimwa kansa ya mlango wa kizazi, ingawa kipimo kipo na ikigunduliwa mapema inatibika. Akisikia maumivu hunywa kidonge cha duka na kuendelea.

Je, si hivyo Kristu alivyojitoa? Tufikiri vizuri. Kujitoa kwa ajili ya wengine ni tendo takatifu, na baba anayebeba magunia bandarini zamu mbili ili mtoto asome anautumia mwili wake vyema hata ukichakaa. Hatumfundishi mtu kujihurumia. Lakini Injili ya Marko, sura ya 6, yasimulia kwamba mitume waliporudi wamechoka, hata nafasi ya kula hawakuwa nayo, Yesu aliwaambia waende mahali pa faragha wapumzike. Bwana wetu hakuona kupumzika kuwa ni kuwaibia watu. Anayejitoa kweli hujua anachotoa na kwa nani, na wenzi huwa wamekubaliana. Mama anayejiacha aharibike kimya kimya hajaulizwa na mtu, na mara nyingi mume hajui kama kuna kitu kinachotolewa. Ni juu ya mume kujua. Ampe nauli, akae na watoto asubuhi moja, na aseme: "Mama watoto, leo ni zamu yako kupimwa. Karo tutaizungumza ukirudi." Akingoja mpaka mke aombe, atangoja sana.

Hata hivyo, pana jambo ambalo mwenye bidii ya afya aweza kulisahau. Wako watu waliokula vizuri, wakatembea, hawakuonja pombe, na wakapata kansa wakiwa na miaka arobaini. Wako wanaorithi presha kama wengine wanavyorithi pua. Marafiki wa Ayubu walikosea pale walipotafuta kosa lake ili mateso yake yapate maelezo. Mwenzi wako akiwa amekwisha kuugua, si wakati wa kufanya hesabu ya mahamri aliyokula. Yote tuliyosema juu ya haki ni ya kujihukumu mwenyewe, wala si fimbo ya kumpigia mgonjwa.

Tena, nyumba ya magombano haina afya hata kama chakula chake ni cha mvuke. Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilianza mwaka 1938 kuwafuatilia watu maisha yao yote. Walipofika uzeeni ilionekana kwamba wale walioridhika na uhusiano wao na wenzao wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema zaidi wakiwa na 80. Basi mke anayelazimisha mboga kwa matusi, na mume anayemcheka mkewe unene mbele ya wageni, wanabomoa kwa mkono wa kushoto.

Lakini vipi kama mwenzangu anakataa kabisa? Swali hili ndilo linaloulizwa zaidi. Kwanza, sema mara moja, wazi, wakati hamjagombana. Usimwambie maneno ya daktari, mwambie yako: "Baba Mutua, naogopa kubaki na hawa watoto peke yangu." Mwanamume anaweza kubishana na takwimu, hilo hawezi kubishana nalo. Usimnyime kitanda kama adhabu. Wala usimtilie dawa kwenye chai kwa siri, kama wengine wanavyofanya wakidhani ni upendo. Ni hatari, maana dawa hupimiwa mtu na mtu, na ni dharau pia: ukiwa na neno juu ya mwili wake hukupewa ruhusa ya kumfanya mtoto. Afadhali umwombe akusindikize wewe ukapimwe. Wengi waliokataa kwenda kwa ajili yao wenyewe wamekwenda kumsindikiza mke, na wakiwa pale kwenye benchi wamenyoosha mkono. Pia, tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine ya presha na kipimo cha sukari, nao hufika majumbani. Mwombe apite siku ambayo baba yupo. Au mzee wa CMA, ambaye mwenyewe anameza vidonge kila asubuhi, azungumze naye baada ya Misa, mwanamume kwa mwanamume.

Akiendelea kukataa, endelea wewe kupika kwa chumvi kidogo, kutembea jioni na kumwalika, na baada ya Pasaka umwulize tena. Na siku akikubali, usimwache aende peke yake. Fikeni mapema, mkae dakika tano bila kuzungumza kabla ya kupimwa, miguu ikanyage chini na mkono uegemee meza, kwa sababu mwendo wa haraka kutoka steji huipandisha presha, na kipimo kikawa si cha kweli.